Maji ya Bahari Kwenye Betri za Nawras

Beya Gharsallah alifungua mlango wa mashua yake Ijumaa asubuhi, akashuka vidato viwili tu vya ngazi, harufu ikamkaba koo. Ilikuwa kama harufu ya bwawa la kuogelea lililotiwa dawa kupita kiasi, ila kali zaidi, na iliwasha macho. Alirudi juu akikohoa, akaanguka kwa magoti kwenye mbao za gati. Alitaka kumwita mumewe lakini sauti ilikataa, ikabidi ampungie mkono. Shedli, aliyekuwa akija nyuma na mifuko ya mboga, hakuuona mkono ule. Alisikia kikohozi, ndipo akakimbia.

Inspekta Dalila Zwari wa polisi wa bandari ya Monastir alifika wakati upepo umeshapuliza ndani ya mashua na Beya amesharudi kutoka zahanati, macho mekundu, akigoma kulala kitandani.

"Jumapili tulikuwa tunaondoka," Beya alisema. "Malta kwanza, halafu Krete. Miaka sita tumeitengeneza Nawras kwa ajili ya safari hii. Jana mchana niliiacha salama. Sasa njoo uone walichonifanyia."

Bati la kufuli la mlangoni lilikuwa limeng'olewa kwa bisibisi. Dalila aliinama. Mbao ya pembeni ilikuwa imechanwachanwa, kama aliyeng'oa alikosa shabaha mara nyingi kabla ya kupata. Ndani, redio ilikuwa mahali pake, na darubini pia. Chini ya kiti kirefu zilikuwepo betri nne kubwa za maji. Mifuniko yao ilikuwa imelowa, na kioevu kimesimama pembeni.

Chini ya ngazi palikuwa na madumu mawili meupe yanayofanana. Moja Beya aliliandika kwa wino wa buluu MAJI YA BETRI. Lingine aliandika BAHARI, la kuoshea samaki na vyombo. La bahari lilikuwa karibu tupu, na kifuniko chake kimefungwa vizuri.

"Mtu ametia maji ya bahari kwenye betri," Dalila alisema.

"Na chaja ilikuwa imewashwa, kama kawaida tukiwa gatini," Beya alijibu. "Chumvi ikikutana na asidi huku umeme unapita, inatoka hewa ya sumu. Ningeshuka vidato viwili zaidi, sasa hivi ungekuwa unamhoji Shedli peke yake."

Shedli alikuwa amekaa nje, mikono katikati ya magoti. Dalila alimwuliza anamshuku nani.

"Labda wezi," alisema. Kisha akaongeza, taratibu, "Fundi wetu, Wajdi, ana ufunguo. Wiki iliyopita tulikwaruzana kidogo."

Maneno hayo yalitosha. Kabla ya adhuhuri ofisi ya bandari ilikuwa imemnyang'anya Wajdi kibali cha kuingia gatini.

Dalila alimkuta kwenye karakana yake nyuma ya soko la samaki, ovaroli yake ikiwa na matundu kama chujio.

"Hayo matundu ni ya nini?" aliuliza.

"Asidi ya betri, Afande. Ikikurukia huioni. Unavaa nguo yako siku nzima, nzuri tu. Ukishaifua, ndipo vitundu vinafunguka. Mama yangu ameacha hata kuzishona."

"Ulikuwa wapi Alhamisi alasiri?"

"Hapa. Peke yangu."

"Uligombana na Mzee Shedli."

"Nilimsema, sikugombana naye. Betri za maji ni kama mbuzi wa maziwa, lazima uziangalie. Usizitumie zikashuka chini ya nusu, uzijaze umeme mpaka mwisho, na kila mwezi ufungue vifuniko utazame. Maji yafunike zile sahani za madini ya risasi, yapande kidogo, basi. Mara ya mwisho nilikuta amejaza mpaka mdomoni. Nikamwambia, mzee, ukijaza hivyo, chaja ikichemsha asidi inamwagika. Akanifokea nisimfundishe kazi."

"Una ufunguo wao?"

"Ninao. Sasa ningevunja kufuli kwa nini?"

"Ili tuamini aliyeingia hakuwa na ufunguo."

Wajdi alifuta mikono kwenye ovaroli. "Afande, mashua tatu zimenifuta kazi tangu asubuhi. Bandari hii ndiyo shamba langu. Nikifukuzwa hapa, nitalima wapi?"

Dalila alifunga daftari lake. Alitoka akaenda kwa Munawar, muuza betri wa barabara ya ngome, ambaye watu wawili walisema aliwahi kusimama gatini akicheka kwamba betri za Beya zitakufa kabla ya kuiona Malta.

"Nilisema, na bado nasema!" Munawar alikiri bila kuulizwa mara mbili. "Niliwaambia wachukue lithiamu. Nyepesi, unaitumia karibu yote kisha unaichaji upesi. Yule mama akanijibu, 'Munawar, ikinifia kwenye kisiwa chenye mbuzi na kanisa, nani atanitengenezea? Hizi za risasi zinauzwa kila bandari, na chaja yangu ilitengenezwa kwa ajili yake.' Nikakubali, maana alisema kweli."

"Ukakasirika."

"Binti yangu, ningekuwa nakasirikia kila mteja anayeondoka, ningeshazikwa zamani. Alhamisi nilikuwa Sfaksi, harusi ya mpwa wangu. Uliza mtaa mzima. Walioniona nikicheza ngoma hawatasahau, hata wakitaka."

Dalila alipiga simu Sfaksi. Walioicheka ile ngoma walikuwa wengi, na wote walimtaja.

Akabaki na Wajdi, na jambo hilo halikumkaa vizuri. Mkono unaofunga skrubu ndogo kutwa nzima usingeichana mbao namna ile. Na fundi aliyetaka kuua betri, angehangaika kujaza kila tundu mpaka limwagike? Tena mgeni mwenye haraka ya kukimbia, angekumbuka kufunga dumu na kulirudisha chini ya ngazi?

Jumatatu aliwaita Beya na Shedli kituoni watie sahihi maelezo yao. Beya alisoma yake mara mbili, akasahihisha neno moja. Shedli alisema amesahau miwani, akaomba aonyeshwe pa kutia sahihi. Dalila alimwonyesha kwa kidole. Mzee akaandika jina lake juu ya maandishi, vidole viwili mbali na mstari.

"Miwani ipo kifuani kwako, Shedli," Beya alisema. "Uzee huu!"

Shedli akacheka kidogo, akainuka. Dirisha lilikuwa wazi na jua la Oktoba liliangaza miguu yake. Dalila akatazama suruali yake ya kaki, safi, iliyopigwa pasi. Jioni ile aliomba wote wakutane kwenye Nawras kesho yake asubuhi, Wajdi na Munawar pia.

Walikaa wakiizunguka meza ndogo ya mashua, magoti yakigusana. Wajdi alikaa karibu na mlango kama mtu anayejua anaweza kufukuzwa. Beya aliwapa chai ya mnanaa kwa sababu hakuweza kuwa na wageni bila kuwapa kitu, hata kama mmoja wao ndiye aliyetaka kumuua.

"Aliyezijaza betri hizi hakutaka kuziharibu," Dalila alianza. "Alitaka kuzitunza. Alifungua kila kifuniko, akajaza kila tundu, akafunga, akarudisha dumu mahali pake. Kosa lake ni dumu. Alichukua la bahari akidhani ni la betri."

"Haiwezekani," Beya alisema. "Nimeandika kwa herufi kubwa kama mlango!"

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo ni mtu asiyeziona herufi hizo. Mtu asiyeona maji yamefika wapi, akajaza mpaka yakamwagika. Na alipogundua kosa, akachukua bisibisi aonekane ni mwizi, akachoma mbao mara nyingi kabla ya kuigusa skrubu." Akageuka. "Mzee Shedli, suruali hiyo ya kaki uliifua lini?"

"Jumamosi," Shedli alisema.

"Ina matundu magotini."

Shedli hakuinama kutazama. Alipeleka vidole gotini, akapapasa kitambaa taratibu, akapata tundu la kwanza, kisha la pili, la tatu. Mkono ukasimama hapo.

Maji yaligonga ubavu wa mashua.

"Ni ukungu," alisema mwishowe. "Tangu mwaka jana. Mwanzoni jicho moja, sasa yote mawili. Nilinawa mikono kwa maji ya dumu lililobaki, nikidhani ndilo la bahari. Sabuni ikatoa povu jingi. Nikalamba kidole. Hayakuwa na chumvi." Akaondoa mkono gotini. "Nikajua nimetia nini kwenye betri. Nikawaza, Beya akijua sioni, atanipeleka kwa binti yetu Tunisi, atamchukua kaka yake kwenda Krete. Nikasema, afadhali mwizi."

"Na hewa ile?" Dalila aliuliza.

"Sikuijua! Wallahi, sikuijua. Nilidhani zitakufa tu. Nilipomsikia akikohoa..."

Beya alikuwa ameweka glasi chini. Uso wake ulikuwa mweupe, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Ningekufa, Shedli, hilo tutalizungumza nyumbani, na tutalizungumza sana. Lakini siku nne umemwona kijana huyu anafukuzwa kama mbwa, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Basi usiniangalie mimi."

Shedli aligeuka kuelekea mlangoni, kwenye kile kivuli cha buluu ambacho kwake kilikuwa ndiye Wajdi. "Mwanangu, nilikutupa majini nijiokoe mimi. Nitakwenda na wewe ofisi ya bandari sasa hivi, niseme kwa mdomo wangu, mbele ya wote. Ukitaka kunishtaki, nishtaki."

Wajdi aliinuka. "Ofisini twende," alisema. "Kushtaki, nitafikiria njiani. Unajua, mzee, ungeniambia tu huoni, ningekuja kuzitazama mimi kila mwezi. Kwa chai."

Munawar akakohoa. "Huo ukungu wa macho ni mtoto wa jicho. Alimpata mama yangu. Hospitali ya Susa wanamtoa kabla ya chakula cha mchana, na kesho yake mama alianza kuona vumbi nyumbani kwangu. Sijapumzika mpaka leo."

Beya alimgeukia mumewe. "Mwaka mzima umekaa gizani kwa kitu cha asubuhi moja?"

"Niliogopa kuuliza," Shedli alisema.

Siku ile Wajdi alirudishiwa kibali chake, na mashua zote tatu zilimwita tena, moja ikimpelekea keki. Hakushtaki. Dalila alimpa Shedli onyo kali la maandishi kwa kuwadanganya polisi, akamsomea kwa sauti neno kwa neno.

Macho yalifanyiwa upasuaji Novemba, moja baada ya jingine. Majira ya baridi Beya na Wajdi walibishana juu ya betri mpya kama watu wanaochagua mchumba. Mwishowe walichukua za risasi zilizofungwa kabisa, zisizohitaji kuongezwa maji, zinazokubaliana na chaja ileile. Munawar aliziuza bila faida, akilalamika mpaka zilipofungwa mahali pake.

Asubuhi ya Aprili, Dalila alishuka gatini kuwaaga. Wajdi alikuwa anafungua kamba. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, mzuri.

"Nahodha leo ni nani?" Dalila aliuliza.

Beya alipiga miayo. "Yeye. Mimi tangu jana sijalala, nilikuwa napakia vyakula." Akashuka ngazi mpaka chini, wakamsikia akijitupa kitandani.

Shedli alibaki peke yake kwenye sukani. Alitazama mdomo wa bandari, boya jekundu na boya la kijani, na mashua ya wavuvi iliyokuwa ikiingia. Aliwapisha wavuvi, kisha akaitoa Nawras baharini.