Swichi Aliyoigusa Honi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Honi alibeba ndoo na kitambaa akafuta vumbi kwenye vioo vya gari la kutembeza watalii. Mama yake naye alifunua boneti, akapima oili, akatazama maji ya rejeta, kisha akalizunguka gari akigonga kila tairi kwa ncha ya kiatu. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya baba. Baba alifariki kabla ya mvua kuanza, kwa ugonjwa uliomla polepole, na gari hilo kuukuu lenye nguvu magurudumu yote manne ndilo alilowaachia. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amemfundisha mkewe udereva, mama alivaa kofia ya marehemu akaingia barabarani. Watu walisema sana. Mama aliendelea kuendesha.

Honi lilikuwa jina la utani. Alipozaliwa alilia kwa sauti iliyowatoa majirani nje, baba akacheka: "Huyu si mtoto, ni honi ya lori!" Jina likaganda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakulijua. Jioni, mama akiwa jikoni, Honi alipenda kuingia garini na kukaa kwenye kiti cha dereva. Kiti kile kilikuwa bado kinanukia baba: sabuni, oili na jua. Aliushika usukani akasema kwa sauti nzito, "Wageni wangu, fungeni mikanda, mbele kuna tope." Jioni moja, ili mchezo ukamilike, alibonyeza swichi nyeusi iliyokuwa chini ya redio, kama baba alivyozoea kufanya penye tope. Mara mama akaita, "Honi! Chakula kinapoa!" Akashuka mbio. Swichi ikabaki imebonyezwa.

Swichi ile ilikuwa ya kufunga difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Gari linapokata kona, difu huyaacha magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti. Penye tope, gurudumu moja huweza kuzunguka bure huku mwenzake amesimama, na hapo dereva huyafunga yaende pamoja. Lakini kwenye lami kavu difu iliyofungwa ni hatari. Taa ya kuonya ilikuwa imeungua siku nyingi, na baba hakujali kuibadilisha, kwa kuwa yeye alilijua gari lake kama mtu anavyoijua njia ya kwao.

Kesho yake mama aliwachukua wageni. Aliona usukani mzito, akadhani tairi zimepungua upepo. Kwenye kona kali ya lami, gari lilipiga mshindo, likasimama. Wageni wakahamishiwa gari la dereva mwingine, na gari la mama likavutwa kwa kamba hadi gereji.

Siku tatu baadaye, Honi alipotoka shule, alikwenda huko. Alimkuta fundi, mtu mnene mwenye maneno mengi, ameitandaza difu juu ya gunia. Mama alikuwa amechuchumaa kando yake. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, alisimama mikono nyuma.

"Shafti imekatika kama muwa, mama Honi," fundi alisema. "Na loki yenyewe, hiki chuma cha kuifunga difu, imesagika. Ulikata kona ya lami huku umefunga difu."

"Ile swichi sikuigusa, fundi."

"Shemeji," Baba Mkubwa alidakia, "swichi haina vidole vya kujibonyeza."

Fundi alifuta mikono. "Nauliza kwa sababu loki haichaguliwi kwa kutazama gari tu, unamtazama na dereva. Iko inayojifunga yenyewe. Haina swichi, kwa hiyo dereva msahaulifu hana cha kusahau. Lakini kwenye kona inagonga na kushtuka, na lami ikilowa inaweza kukutupa nje ya njia. Na iko ya swichi kama hii ya marehemu. Hiyo inatii mkono, ila mkono nao uwe na kichwa."

"Au gari liuzwe," Baba Mkubwa alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Nimemzika mdogo wangu, shemeji. Sitaki kukuzika na wewe."

Mama aliitazama ile shafti iliyokatika. "Labda niliibonyeza," alisema taratibu. "Siku hizi mchuzi nautia chumvi mara mbili. Juzi niliandaa sahani ya marehemu mezani, nikakaa namsubiri. Labda akili zangu zilikwenda naye. Liuzeni."

Tangu siku gari lilipoharibika, Honi alijua ni ile swichi aliyoibonyeza. Alikuwa amejiambia kwamba gari litatengenezwa na mambo yataisha. Hakufikiri kwamba mama angejiona mwendawazimu.

"Honi," fundi alimtania ili kuondoa uzito, "leo umeishiwa betri? Hata salamu?"

"Ni mimi!" Honi alipasuka kilio. "Mama, hukusahau. Ni mimi niliyeibonyeza. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha baba."

Baba Mkubwa aligeuka. "Siku zote hizi unajua, ukamwacha mama yako asemwe?"

"Nilidhani mtanikataza kukaa pale. Mahali pengine baba hayupo."

Baba Mkubwa aligeukia ukutani.

Mama hakugomba. "Kwa hiyo sikusahau?" aliuliza.

"Hukusahau, mama."

Mama alikaa juu ya tairi akalia kwa sauti, kilio alichokizuia hata siku ya mazishi. Kilipopungua alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Fundi, weka ya swichi. Ya nyuma tu. Difu ya mbele ikifungwa usukani unakuwa jiwe, na njia zetu hazina haja hiyo. Swichi iwe na kifuniko, taa mpya, na kengele ilie kila ninapofunga."

"Sasa dereva amesema," fundi alijibu.

"Nimekukosea, shemeji," Baba Mkubwa alisema, macho chini. "Vipuri nitachangia."

Fundi aliiokota ile loki iliyosagika, ambayo baba aliipachika garini kwa mikono yake mwenyewe, akaitupa kwenye vyuma chakavu. Honi alishtuka kwa ule mlio. Kitu kingine cha baba kilikuwa kimekwenda, tena kwa mkono wa Honi mwenyewe.

Mama alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kukaa kwenye kile kiti si kosa. Mimi mwenyewe usiku naunusa mto wa baba yako. Kuigusa swichi ni kosa dogo, ungeniambia siku ileile tungeizima tukaenda kula. Kilichoniumiza ni kunyamaza kwako. Kosa ukilificha halipotei, linamwendea mwingine, naye analibeba bila kujua ni la nani. Shafti imekatika, fundi ataleta nyingine. Lakini mtu akianza kuziogopa akili zake mwenyewe, utampelekea fundi gani? Ukikosea, sema mapema, hata kama unalia."

Honi aliitikia kwa kichwa. Kwa kuwa hawakuwa na gari, wakarudi nyumbani kwa miguu, wameshikana mikono, wakimzungumzia baba kwa mara ya kwanza tangu alipozikwa.