Fungu la Jirani wa Seli

Glafira alikuwa akimenya viazi aliposikia kijiko kikigonga kikombe. Bintiye Asya alikuwa ameketi chini ya meza, akigonga, akinyamaza, akigonga tena. Mwanzoni hakujali, mtoto ni mtoto. Halafu kisu kikamtoka mkononi, maana masikio yake, yaliyokaa miaka katika magereza ya Urusi, yalikuwa yameanza kusoma.

Kule gerezani wafungwa wa siasa huzungumza kwa kugonga ukuta, kila herufi na mapigo yake. Asya alikuwa hajui kusoma hata jina lake mwenyewe. Lakini kijiko kilikuwa kinasema: NIPE NUSU YANGU.

"Nani kakufundisha?"

"Mjomba wa ukutani," Asya akasema. "Ananuka, mama. Kama kisima."

Kabla Glafira hajapata la kujibu, mlango ukapigwa teke. Alikuwa Madamu Berto, mwenye nyumba, Mswisi asiyeweza kumtazama Mrusi bila kukunja pua. "Kutwa nzima ngo, ngo, ngo! Mnaunda bomu humu?"

"Likiwa tayari la kwanza ni lako, Madamu," Zinovi, mumewe Glafira, akajibu bila kuinua kichwa kwenye makala yake ya kumtukana mfalme. Huyo ndiye Zinovi. Alitoroka Siberia, akavuka mipaka kwa jina la kuazima, na tangu alipofika Geneva hakuacha kuwachokoza watu.

Mke alipomweleza habari ya kijiko, alicheka. "Glasha, mke wangu, sisi ndio tuliowaambia wakulima kwamba shetani hayupo. Leo aje kwetu kunywa chai?"

"Basi mshike mwanao mkono."

Akaushika. Mkono wa kulia ulikuwa na joto. Wa kushoto ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Mguu wa kushoto vilevile, na jicho la kushoto lilikuwa halifumbi. Daktari alikuja, akaandika mafuta ya samaki, akaondoka haraka kuliko alivyoingia. Ukuta wa pale kitandani kwa Asya ulianza kutoa unyevu, na chumba kizima kikanuka chokaa mbichi na masizi ya taa. Zinovi aliijua harufu ile. Ilikuwa harufu ya seli yake ya zamani.

Jumapili alikuja Tikhon, mwenzao aliyetoka Petersburg karibuni. Naye alikuwa amefungwa kule katika ngome ileile alimowekwa Zinovi kabla ya Siberia. Wakanywa chai, wakasengenya wenzao wa chama kingine, roho zikachangamka kidogo.

"Wewe walikuweka seli gani?" Tikhon akauliza.

"Ya mwisho, kwenye kona. Ningekuwa kichaa, bwana, kama si jirani yangu wa kushoto. Tuligongeana miaka yote ile. Sikupata kuuona uso wake."

Tikhon akaweka glasi chini. "Acha masihara."

"Masihara gani?"

"Zinovi, kushoto kwa seli ya mwisho hakuna seli. Kuna ukuta wa nje, halafu mto."

Hapo ndipo ukuta ulipogonga, si kwa nguvu, taratibu tu, kwa adabu ya mfungwa anayeogopa askari, na kwa kuwa wote watatu walikuwa wamepita shule ileile ya mawe na giza hakuna aliyeweza kujizuia kusoma, herufi baada ya herufi, huku chai ikipoa na mtoto kule kitandani akiitikia kwa vidole vyake vilivyochubuka: NDUGU. ULISEMA NUSU.

Tikhon alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

"Ulimwambia nini?" Glafira alinong'ona. "Zinovi, ulimwambia nini?"

"Tulichokuwa tukiambiana wote! Nusu ya kila nitakachokuwa nacho ni yako, ndugu. Mkate, nyumba, kila kitu." Akaisukuma glasi yake kando. "Tulipohamia hapa nikasikia mtu anagonga. Nikajibu. Nani aliyepita jela akagongewa asijibu? Nikamwambia karibu."

Glafira alimchukia mumewe saa ile, akamchukia kabisa, halafu akaona jinsi alivyokuwa akiuma ngumi yake ili asilie.

Wakamwita Pelageya, mpishi wa mkahawa wa wakimbizi, ambaye kwao kijijini alikuwa akitoa mapepo majumbani. Alifukiza ubani. Ukuta ukatema masizi, makaa yakazima, na bibi mwenyewe akarudi nyuma akijikuna shingo kwa hofu.

"Hili silitoi," akasema. "Mlilikaribisha wenyewe. Huko kwetu mkihama, mzee wa nyumba, pepo anayeilinda, mnambeba kwenye kiatu kikuukuu. Labda na hili libebwe. Lakini abebe aliyelialika, na alifikishe lilikotoka. Wala sikuahidini kitu."

"Lilikotoka ni ngomeni," Glafira akasema. "Watamnyonga."

Pelageya akamtazama mtoto, akakusanya ubani wake.

Asubuhi Zinovi alivaa koti. Wakaketi wote kimya kidogo, kama watu wao wanavyoketi kabla ya safari, Zinovi, Glafira na mtoto, na kigoda cha nne, kisichokuwa na mtu, kikatoa mlio kana kwamba kimekaliwa. Zinovi akafunga kamba kwenye kiatu chake kikuukuu. "Twende, ndugu," akasema. "Twende kwetu."

Kiatu kilikuwa kitupu, lakini kamba ilikaza hata ikamkata kiganja, na kilivyoshuka ngazini kilishuka kwa uzito wa mtu mzima, kidato kwa kidato. Madamu Berto alifungua mlango wake atukane. Alikiona kiatu, akaufunga polepole.

Jioni ile jicho la Asya likafumba.

Kabla theluji haijaisha Tikhon alileta habari akiwa amesimama nje, hakutaka kuingia. Zinovi alikamatwa mpakani. Yuko ngomeni, seli ileile. Glafira alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akainuka akampikia mwanawe, maana mtoto alikuwa anakimbia kwa miguu yote miwili na anadai supu.

Adhuhuri moja alikuwa akiosha vyombo ukuta ulipogonga. Aliyajua mapigo yale. Zinovi alivunjika kidole zamani, na pigo lake la mwisho lilikuwa likiburuta siku zote. GLASHA. NI MIMI. NIJIBU.

Kutoka Petersburg hadi Geneva hakuna ngumi inayofika, alijua, alijua vizuri, lakini alijua pia kulala gizani ukigonga na kusubiri, na jinsi pigo moja tu la kukujibu linavyokufanya uwe mtu tena, na moyo ulimpasuka kwa hamu ya kuinua mkono na kumwambia nipo, mume wangu, nipo. Akaizamisha mikono yote miwili kwenye maji machafu mpaka kwenye viwiko, akaishikilia humo. Ukuta ukaomba, ukaomba, ukanyamaza.

"Mama," Asya akasema nyuma yake. "Mbona humjibu baba?"

"Yule si baba, mwanangu."

"Ni baba. Jana nilimwambia karibu."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake wa kulia ameukumbatia kifuani, anaupulizia pumzi upate joto.