Tawi Juu ya Bati

Fundi, mwanamke mshonaji, alilivuta gauni mezani kwa mikono miwili, lakini alikuwa amechelewa. Maji ya rangi ya chai yalishapenya dari na kumwagikia upande mzima wa sketi, hariri nyeupe ya bibi harusi ambaye angekuja kuichukua Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mvua ndiyo kwanza inaanza.

Hakuhitaji kupanda juu kujua kisa. Mparachichi wa jirani ulikuwa umevuka ukuta tangu mwaka juzi. Tawi lake kubwa lililalia paa la chumba chake cha kushonea, likainua bati, na majani yakaziba mfereji wa maji. Mara sita mwaka huo Fundi alikwenda kubisha, na mara zote sita jirani alikuja na ngazi, akazoa majani, akagonga misumari, akaomba radhi, kisha akakaribishwa chai. Jirani mwenyewe alikuwa muuguzi, mtaa mzima ukimwita Nesi, mwanamume wa miaka arobaini anayeishi na mama yake, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Ila mbele ya birika la Fundi alikuwa msemaji hasa. Akiondoka aliahidi kukata tawi wiki ijayo, na wiki hiyo haikuwahi kufika.

Safari hii Fundi alivuka na gauni mikononi, likichuruzika. Nesi alifungua mlango akitabasamu, tabasamu likamfia mdomoni.

"Jirani, leo sikuja kulalamika," Fundi alisema. "Nimekuja kukuonyesha. Kesho asubuhi nakwenda ofisi ya mtaa."

Hakungoja jibu.

Mchana ujumbe uliingia: "Nisamehe. Nakata leo." Fundi aliusoma, akailaza simu kifudifudi juu ya cherehani. Ahadi hiyo aliijua. Simu ilipoita alidhani ni Nesi, kumbe ni mama yake Nesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekasirika, na una haki. Lakini nikuambie kitu, maana yeye hatakuambia. Msumeno kaununua tangu mwezi wa pili. Uko uvunguni mwa kitanda changu."

"Sasa anangoja nini?"

"Tawi likikatwa, wewe huku utakuja kufanya nini? Siku bati lako likivuja mimi naijua. Mwanangu anapiga pasi shati la kupandia ngazi."

Fundi alikaa chini. Alicheka kwanza, kisha akaitazama ile sketi na hasira zikarudi. Kupendwa ni raha, lakini mteja wake alikuwa na harusi Jumamosi. Hata hivyo hakuweza kujidanganya: mara mbili za mwisho alikuwa ameshaosha vikombe viwili kabla hajaenda kubisha.

Mvua ilipokatika akasikia msumeno. Alitoka nje akamkuta Nesi juu ya ngazi, shati limemganda mwilini, tawi ameshalifunga kamba lisiangukie paa.

"Shuka," akamwambia.

Akashuka.

"Mama yako amenipigia."

Nesi aliinamisha kichwa. "Kakuambia habari ya msumeno."

"Kaniambia yote. Kazi hii ndiyo inayonilisha, jirani. Umeichezea."

"Najua. Nilijiambia ni majani tu, majani hayamdhuru mtu. Nimekosa."

"Ungesema."

"Ningesemaje?"

"Jirani, njoo unywe chai. Maneno manne. Ningekuja."

Nesi aliinua macho. "Ungekuja?"

"Malizia tawi kwanza."

Alilimaliza kabla jua halijazama. Asubuhi yake, badala ya ofisi ya mtaa, walikwenda pamoja kwa bibi harusi, na Nesi akaeleza mwenyewe, bila kuzungukazunguka, kwamba kosa ni lake. Bibi harusi alilia kidogo, kisha akauliza kama gauni litawahi. Litawahi, Fundi akamwahidi. Walinunua hariri ileile, Nesi akaomba ruhusa kazini siku mbili, akakaa kwenye kigoda kufumua upande ulioharibika, mshono mmoja mmoja. Mikono iliyozoea kushona majeraha haikuchana hata uzi mmoja vibaya. Ijumaa bibi harusi aligeuka mbele ya kioo mara tatu na hakutambua ni upande upi uliolowa.

Mti wenyewe waliuacha. Walikubaliana Nesi abadilishe bati, na kila baada ya msimu wa matunda apunguze matawi yote yanayovuka ukuta. Akafanya hivyo, hakukumbushwa. Na chai iliendelea, safari hii bila kisingizio, mara kwa Fundi, mara kwa mama.

Miezi minne baadaye, Nesi na mama yake walipeleka posa kwa shangazi aliyemlea Fundi. Shangazi, mwanamke asiyependa mizunguko, alimuuliza Fundi mbele ya wote kama amefikiri vizuri, maana akiolewa na mtu wa ukuta mmoja, wakigombana hatakuwa na pa kukimbilia.

"Sitakimbia, shangazi," Fundi alisema. "Akinikosea nitamwambia. Na yeye akiwa na la moyoni atasema, hatanificha tena."

"Unasikia, baba?" shangazi akamuuliza Nesi.

"Nasikia, shangazi. Na ninampenda. Ilinipasa niseme zamani."

Shangazi aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia mama yake Nesi na kumuuliza harusi waiweke mwezi gani.