Faksi ya Modestus Iliyogeuka Nyeusi Juu ya Jiko

"Mama, hiki ndicho cheti cha mumeo?" afande akauliza.

Nyeusi!

Karatasi nzima, nyeusi tii! Hakuna herufi, hakuna muhuri, hakuna chochote!

Shangazi yangu Scholastika akaipokea, akaigeuzageuza.

Mlangoni alisimama mumewe, Modestus, amefungwa pingu. Nje Landrover inaunguruma, inamsubiri.

"Saa kumi jioni awe ameshavuka mpaka," afande Bulugu wa uhamiaji akasema. "Sheria ni sheria."

Jamani, avuke kwenda wapi?

Huo ni mwaka 1989, hapa Ngara. Modestus alikimbia Burundi mwaka 1972, kijana mdogo, wazazi wake wakauawa kule. Na huko ng'ambo mwaka mmoja tu uliopita watu walikuwa wameuawa tena. Kumrudisha ni kumpeleka machinjioni, tusidanganyane!

Na mtu mwenyewe ni raia halali! Vita vya Kagera alikwenda, akabeba mabomu mgongoni. Baada ya vita akapewa uraia, akapewa na cheti. Akakiweka sandukuni kama dhahabu.

Mchwa wakakila.

Ndiyo, mchwa! Wewe cheka tu, hujaishi kijijini kwetu Nyakisasa.

Sasa sikilizeni. Shangazi alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mradi wa barabara. Ofisi ile ilikuwa na mashine ya faksi, kitu ambacho wilaya nzima watu walikuja kukishangaa.

Nyie wa WhatsApp mtaona mchezo. Unaweka barua kwenye mdomo wa mashine, unapiga namba kama simu ya kawaida. Mashine ya upande wa pili inapokea, inalia kiiiii! Hapo ya kwako inaisoma barua mstari kwa mstari, weusi na weupe unageuka sauti, sauti inapita kwenye waya wa simu, na ile ya kule inaichora upya. Maandishi, sahihi, mpaka muhuri! Dakika chache tu, wakati posta ilikuwa wiki tatu Mungu akipenda.

Basi mwezi wa kwanza shangazi akaomba nakala ya cheti wizarani Dar es Salaam. Dada mmoja wa masijala akaitafuta kwenye faili, akaituma kwa faksi. Shangazi alilia kwa furaha.

Akasema, safari hii mchwa hawakipati!

Akakifunga kwenye bahasha, akakitundika juu ya jiko, palepale kwenye moshi tunapoweka mbegu za mahindi. Kila mtu huku anajua hapo hapafiki mdudu.

Kosa kubwa!

Karatasi ya faksi za siku zile haikutumia wino, ndugu zangu. Ilipakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Mashine yenyewe iliandika kwa kuiunguza kidogo kidogo. Jiko la shangazi likaunguza yote!

Hapo ndipo akili ilipomrudia.

"Afande! Faksi haipeleki karatasi, inapeleka picha! Yenyewe imebaki Dar! Nipitishe ofisini, nakupigia magoti!"

Bulugu akatazama saa yake. Saa saba na nusu.

"Panda gari. Ikifika saa tisa hamna kitu, tunaondoka."

Ofisini walimkuta Pancras, karani mkuu. Huyu si mtu baki! Ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wao, Jumapili hali wali kwake, anakula kwao.

"Shemeji, pole sana," akasema. "Ila mashine haina karatasi. Zimekwisha tangu jana."

Shangazi hakubishana. Akafungua droo yake, akatoa rola moja ya karatasi aliyoiweka akiba, akaipachika mwenyewe.

Pancras akajifuta jasho. Na siku ile kulikuwa na baridi.

Shangazi akapiga simu Dar. Opereta akamwambia laini imejaa. Akapiga tena. Imejaa. Modestus amekaa kwenye benchi na pingu zake, anatazama sakafu.

Saa tisa kasoro dakika kumi, dada wa masijala akapokea.

"Yule wa Ngara? Si nilikutumia?"

"Dada yangu, tuma tena! Mume wangu anapelekwa kufa!"

Kiiiii...

Karatasi ikaanza kutoka, taratibu. Jina. Namba. Muhuri. Bulugu akaisoma mara mbili, akatoa ufunguo, akawapa askari wake.

"Mfungueni."

Weee! Shangazi akapiga kigelegele, ofisi nzima ikaja mbio kuona.

Lakini mashine ikalia tena.

Ikatoa karatasi nyingine, ndefu, ambayo hakuna aliyeiomba. Mashine ile ilikuwa na tabia hiyo: baada ya kutuma na kupokea mara kadhaa, inachapa yenyewe orodha ya ilikotuma na ilikopokea, tarehe na saa.

Bulugu akaichukua. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii ni namba ya ofisi yetu Bukoba. Tarehe kumi na mbili Februari, ukurasa mmoja. Ndiyo siku tuliyopokea ile barua isiyo na jina, inayosema Modestus ni mhamiaji haramu."

Shangazi akahesabu.

"Ilikuwa Jumapili..."

Jumapili ufunguo wa ofisi alikaa nao mtu mmoja tu.

Wote wakageuka. Pancras alikuwa ameegemea kabati.

"Modestus," Bulugu akauliza, "una ugomvi na huyu bwana?"

"Hapana, afande."

"Basi kwa nini akufanyie hivi? Unajua sababu?"

Pancras akafumba macho.

Modestus akamtazama muda mrefu mno.

"Sijui, afande."

Shangazi alikuwa ameishi na mumewe miaka tisa. Alijua anadanganya!

Bulugu akaona hapo hapana kesi, akaondoka na Landrover yake. Wakiwa njiani kurudi nyumbani shangazi akamkaba mumewe kwa maswali. "Sema! Kwa nini umemficha?"

"Pancras si Mhangaza wa hapa Ngara, Scholastika. Tulivuka mto Ruvubu pamoja mwaka sabini na mbili. Alibadili jina, akapata kazi. Hana cheti chochote. Ninayejua ni mimi peke yangu."

"Na ulishawahi kumtishia?"

"Hata siku moja."

"Sasa si ungesema, apelekwe yeye!"

"Ningesema, leo angelala ng'ambo. Mimi kule simpeleki mtu. Hata yeye."

Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako, hilo mnalijua. Ila shangazi aliniongezea lake: mchunge sana mtu ambaye unaijua siri yake, hata kama hujawahi kuitaja. Wewe umeshaisahau, yeye kila siku anaamka nayo.

Kesho yake asubuhi Pancras alikuja kazini kama kawaida, akakaa kwenye meza yake, futi tatu kutoka kwa shangazi.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama," shangazi akajibu, akaendelea kupiga chapa. Na sasa siri ya Pancras walikuwa wanaijua wawili, mume na mke.