Jani Jeusi Kwenye Mkono

Kila nikirudi kutoka shuleni, kazi yangu ya kwanza ni kuchekecha hina. Natandaza kitambaa chepesi juu ya bakuli, namimina unga wa majani, natikisa polepole mpaka vijiti vyote vibaki juu. Kijiti kimoja kikipita, koni ya kuchorea inaziba, na koni ikiziba katikati ya ua la bibi harusi, Shangazi hasemi kitu. Ananitazama tu. Afadhali angegomba.

Unga ukishakuwa laini, unakandwa kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, unafunikwa, unaachwa ulale. Asubuhi unakuta rojo zito la kijani, lenye harufu ya majani yaliyokatwa baada ya mvua. Tunalijaza kwenye koni za nailoni, tunazifunga kwa uzi, kazi inaanza.

Chumba chetu ni kidogo: mkeka, mito, na feni inayolalamika kama mgonjwa. Sheria yetu ni moja tu, nayo haijaandikwa popote: hina mpya haimgusi mteja kabla haijamgusa mmoja wetu. Aliyeikanda anajichora alama ndogo upande wa ndani wa mkono, anasubiri hadi kesho yake. Rangi ikiwa nzuri na ngozi ikiwa imetulia, koni zinatoka.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Binti yake mkubwa, ninayemwita Dada, ana mkono mwepesi kuliko wachoraji wote wa mtaani, na ulimi wake si mzito pia. Mimi wananiita Kidomo. Wanadai kwamba siri ikiingia sikioni mwangu, inatokea mdomoni kabla haijapumzika.

Wiki ile Dada alikuwa hali wala halali kwa furaha. Kwa mara ya kwanza Shangazi alimpa mikono ya bibi harusi. Yeye mwenyewe angechora miguu. Kila mmoja akakanda bakuli lake. La Shangazi lilifunikwa na kuwekwa kivulini. La Dada lilibaki wazi dirishani huku mwenyewe akizungumza kwenye simu, na jua likalichoma mchana kutwa. Alipojaribu rojo lile kidoleni, lilitoa rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa.

"Hina imekufa," nikasema.

"Hebu nyamaza, Kidomo."

Akatoka. Aliporudi alikuwa na mfuko mdogo wenye koni za dukani, akaanza kuzikamua ndani ya koni zetu.

"Hina nyeusi," akasema bila kunitazama. "Muuza vipodozi anasema inashika kwa nusu saa."

"Hina nyeusi ndiyo mdudu gani? Jani la hina halina weusi huo. Hiyo ni piko, rangi ya nywele iliyovalishwa jina la hina."

"Imeandikwa hina."

"Hata mimi kwenye jalada la daftari nimeandikwa mwanafunzi bora. Nilijiandika mwenyewe."

Hakucheka. Alinishika mabega, na nikaona macho yake yamejaa machozi. "Mama akijua, mikono atachora yeye. Mimi nitarudi kukunja koni na wewe mpaka nizeeke. Niapie utanyamaza."

Sikuapa. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimtosha.

Aliponipa kisogo, nilikamua tone moja nikajichora jani dogo karibu na kiwiko. Halikunukia majani. Lilinuka saluni, ile harufu ya rangi ya nywele inayopanda mpaka nyuma ya macho. Jioni nilipolibandua, ngozi chini yake ilikuwa nyeusi kama wino.

Asubuhi liliwasha. Nikajiambia ni mbu. Kufika mchana, tulipobisha hodi nyumbani kwa bibi harusi, lilikuwa linachoma kama kaa la moto, nami nilikuwa nimevaa mikono mirefu ili nisilione.

Chumba kilijaa wanawake. Mama wa bibi harusi alikuwa amevaa gauni la hariri la rangi ya dhahabu ambalo kila aliyeingia alilazimika kulisifu kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Bibi harusi aliketi juu ya godoro, mguu kwa Shangazi, mkono wa kulia mapajani mwa Dada. Mimi nilishika beseni la maji ya sabuni na vitambaa vya kufutia ncha za koni.

Dada alianza kwenye kifundo cha mkono. Mistari yake ilikuwa mizuri kiasi cha kuumiza. Nilijibanza nyuma ya mlango, nikapandisha mkono wa nguo. Lile jani lilikuwa limevimba. Pembeni ngozi ilikuwa nyekundu, na juu yake vilisimama vilengelenge vya maji, vidogo kama punje za mtama.

Nikarudi, nikapiga magoti kando ya Dada. "Njoo nje kidogo."

"Nina kazi."

"Dada, tafadhali."

Alinifinya paja, huku akiwatabasamia wageni.

Hapo ndipo bibi harusi alipoanza kusimulia, kwa raha zake, kama mtu aliye mikononi mwa watu anaowaamini. "Mama, unajua kwa nini nilikutafuta wewe?" alimwambia Shangazi. "Mwaka juzi nilipaka rangi ya nywele. Asubuhi naamka, macho hayafunguki. Uso umeumuka, hata mdogo wangu alinikimbia! Daktari akaniambia, binti, rangi hizi nyeusi za kemikali zikimbie maisha yako yote. Nikasikia wewe unatumia majani tu."

"Majani tu, mwanangu," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa. "Kwangu hakuna kingine."

Koni ya Dada ilisimama hewani. Nikasema moyoni, sasa atasema. Nikaona midomo yake ikifunguka. Kisha akaifunga, akainamisha kichwa, na mstari mweusi ukaanza tena kutambaa kuelekea vidoleni.

Mkono wangu uliwaka. Nikisema, jina la Shangazi litaanguka mbele ya wanawake hawa wote, na Dada hatanisamehe. Nisiposema, kesho bibi harusi huyu ataamka na uso ule wa mwaka juzi, au jambo baya zaidi. Nilitazama kope zake. Zilikuwa zinacheka.

"Acha kuchora!"

Hata mimi nilishtushwa na sauti yangu.

"Ana nini huyu mtoto?" akauliza mama wa bibi harusi.

"Msimjali," Dada akasema haraka. "Huyu ni Kidomo, hajui kukaa kimya."

"Hiyo siyo hina ya majani!"

"Mwongo wewe!"

Wangeendelea kuniuliza na mimi ningeendelea kujibu, na muda wote huo rangi ingekuwa inazama kwenye ngozi. Niliweka beseni, nikaushika mkono wa bibi harusi, nikautumbukiza ndani. Akapiga ukelele. Mama yake akanivuta kwa nyuma, beseni likapinduka, na maji meusi yote yakaishia kwenye gauni la dhahabu.

Mama yule alipandisha mkono kunizaba kofi.

"Usimpige," Shangazi alisema. Alikuwa amesimama, koni bado mkononi. "Kidomo. Nionyeshe."

Sikujua amejuaje kwamba kuna cha kuonyesha. Labda aliniona nikijikuna tangu njiani. Nikapandisha mkono wa nguo, na kila aliyekuwepo akaona. Mgeni mmoja akaziba mdomo kwa kiganja.

Shangazi aliichukua koni ya Dada, akaikamua kidogo kwenye kitambaa cheupe, akanusa. Akafumba macho.

"Nani aliipima hii?"

"Mimi," nikasema.

"Na wewe, binti yangu, uliipima?"

Dada alitikisa kichwa. Machozi yalimdondoka kwenye mapaja, na hapo akasema yote: dirisha, jua, muuza vipodozi.

Shangazi hakumgombeza. Kwanza alimpeleka bibi harusi bombani, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, bila kusugua. Ulibaki mstari wa kijivu uliofifia, kama kivuli cha uzi.

"Mkono huu hauguswi tena," alisema. "Ukiwasha, nenda hospitali. Uso ukianza kuvimba au pumzi ikibana, usingoje asubuhi, usimngoje mtu akupe ruhusa. Wa kushoto nitauchora mimi, kwa hina niliyoikanda na kuipima mwenyewe, ukiwa bado unaniamini."

"Kwa hiyo niolewe na mkono mmoja?" bibi harusi aliuliza.

"Uolewe na macho yote mawili."

Bibi harusi alimtazama, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akanyoosha mkono wa kushoto.

Shangazi aliketi, lakini hakuanza kuchora. Alimgeukia Dada, na maneno yake yalikuwa yetu sote.

"Niliambia watu kwamba kwangu hakuna ila majani. Umenifanya niseme uongo bila kujua. Bakuli likiharibika, njoo uniambie limeharibika. Ningekasirika, ndiyo. Kisha tungekanda jingine. Hina inakandwa upya; ngozi ya mtu haikandwi upya. Anayekupa mkono wake amekuazima kitu asichoweza kukinunua tena dukani, na mapambo ambayo tunaficha yametengenezwa kwa nini si mapambo." Akanitazama mimi. "Na wewe, jani lako lilikuambia tangu asubuhi. Ukalifunika kwa nguo. Kesho asubuhi nakupeleka zahanati, na usithubutu kuvipasua hivyo vilengelenge."

Nikainamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma kuliko mkono.

Dada alipiga magoti mbele ya bibi harusi akamwomba msamaha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akaketi pembeni, akaanza kukunja koni tupu.

"Haya yote nimeyasikia," mama wa bibi harusi alisema, akilishika gauni lake lililoloa kwa ncha za vidole. "Lakini hili je? Na makelele yale, nyumbani kwangu, siku kama ya leo! Angeweza kuninong'oneza. Huyu mtoto na aniombe radhi."

Macho yote yakanigeukia. Shangazi alikuwa ameshainamia mkono wa kushoto, akichora jani la kwanza, la kijani, lenye harufu ya mvua.

"Kidomo," akasema bila kuinua kichwa, "unaambiwa wewe."

Nilitazama gauni. Nikautazama mkono wa kulia wa bibi harusi, uliolala juu ya mto, mtupu na mzima.

"Gauni nitalifua mwenyewe, mama," nikasema. "Radhi siombi."