Nywele Zisizokauka

Nywele za Zuhra zilikataa kukauka. Mwajabu alizifuta kwa kanga, akamkalisha mwanawe juani mbele ya nyumba yao huko Salale, na bado maji yalimchuruzika shingoni. Yalikuwa maji ya chumvi. Na nyumba nzima ilinukia udi ambao hakuna aliyeufukiza.

Mwajabu alijipa moyo. Zuhra ndiye mtoto pekee aliyejaliwa, na alikuwa hai. Juzi, wakirudi kutoka shamba la mpunga, mtumbwi wao uligonga mizizi ya mikoko, mtoto akatumbukia, maji yakamfunika. Mwajabu aliinua uso akalia, "Wewe uliye huko juu, nishikie mwanangu!" Mkono mrefu ukashuka kutoka matawini, ukamwopoa Zuhra, ukamrudisha mtumbwini.

"Ni Mungu yule," alimwambia Faraja, muuguzi wa zahanati aliyepanga chumba cha uani. "Si ulinisomea mwenyewe kwenye Zaburi? Alimnyooshea Daudi mkono kutoka juu, akamtoa kwenye maji mengi."

Faraja, mtu wa kucheka, siku hiyo hakucheka. "Mama Zuhra, maneno hayo yana mwanzo wake. Daudi alimwita Mungu kwanza, tena kwa jina. Wewe ulimwita nani?"

Mwajabu alikumbuka alivyolia. Watu wa huku wakipita chini ya mikoko hutaja jina la Mwenyezi Mungu ndipo wainue macho, maana huko juu kuna wenyewe. Yeye alitanguliza macho, na jina hakulitaja kabisa. Akatuma mganga aitwe.

Alasiri akaja Maalimu Nurdini, mganga wa kisomo. Hakuwasha chetezo. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, mkono uliokutoa majini ulikuwa wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto," alisema Zuhra. "Na bado hajaniachia."

Akaonyesha kifundo cha mkono wake. Vidole vilikuwa vimeacha alama za kijivu, virefu kupita vya mtu.

"Atamchukua?" Mwajabu alinong'ona.

"Ulimwomba akushikie, naye ameshika. Twende kulekule ulikokosea, ukamwite Mwenyezi Mungu kwa jina lake. Neno lolote lisitangulie."

Watatu hao walifika mikokoni kwa mtumbwi maji yakiwa yamejaa. Upepo haukuwapo, lakini matawi yaliinama, na harufu ya udi ikazidi mpaka ikawa inakaba koo, na Maalimu akaweka kafi chini akaanza kusoma, na sauti yake ikawa inarudi kutoka juu ya miti ikiwa ya mtu mwingine, polepole, kama anayejifunza, na hapo mkono wa Zuhra ukanyooka wenyewe kwenda juu, bega likafuata, visigino vikaachana na mtumbwi, na mtoto akamtazama mamaye bila kulia, na Mwajabu akasahau yote aliyofundishwa, akapiga kelele, "Mwache, nishike mimi!" kisha, pumzi ikimwishia, "Ya Allah! Ya Allah!"

Zuhra akamwangukia mapajani. Udi ukatoweka. Nywele za mtoto zilikuwa kavu, zinanuka jua na moshi wa jikoni.

Jioni Zuhra alikula wali kwa samaki akaomba kuongezwa. Faraja alimkumbatia Mwajabu huku machozi yakimtoka. "Umeuona mkono wa Mungu, Mama Zuhra. Ulimwita, akaitika."

"Alhamdulillahi," alisema Mwajabu. Alifurahi kweli. Lakini alijua ni neno lipi lililotangulia kinywani mwake, na Maalimu, aliyeondoka bila kumpa mkono wa kwaheri, alijua pia.

Alipoingia uani kutawadha alifungua mtandio. Tone likamdondokea begani kutoka nyweleni, kisha la pili. Aliligusa, akalionja, akasikia chumvi. Kutoka kwenye paa la makuti, harufu ya udi ilikuwa inashuka.

"Mama," Zuhra aliita kutoka ndani, "njoo tulale."

"Nakuja, mwanangu," alisema Mwajabu. Akajifunga tena mtandio, akaukaza sana, ili mtoto asione.