Gurudumu Moja Kwenye Nguzo

Habari ilianzia kwa muuza maji, ikafika kwenye cherehani ya binti mshona sare, ikamganda kichwani: wezi wa baiskeli siku hizi wanatanguliza msichana mzuri amchekeshe mwenye baiskeli, wenzake wafanye yao.

Alikosa raha. Kila saa nne asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa akimchekesha mpeleka mikate aliyeegesha baiskeli yake mlangoni pa soko. Walijuana hapo hapo mlangoni, mnyororo wa baiskeli hiyo ulipoipaka grisi sketi yake ya njano.

"Mpenzi, leo usikae. Umeifunga baiskeli vizuri?" binti alimuuliza alipoingia kibandani kwake sokoni.

"Nimeifunga, malkia wangu. Unanifukuza? Umepata mwenye pikipiki?"

"Nenda zako huko!"

Wakacheka. Dakika kumi zikapita. Walipotoka hadi mlangoni, kwenye nguzo lilibaki gurudumu la mbele tu, na kufuli lake. Mwizi alifungua nati mbili, akabeba baiskeli iliyobaki na mikate yake.

Mpeleka mikate alimgeukia. "Kumbe wanayosema watu ni kweli. Uliniuliza ili ujue nimeifungaje?"

Akaondoka na gurudumu begani.

Binti alipiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Bosi anataka maelezo. Nimwambie nini?"

"Mwambie nakupenda. Siibi mimi."

Simu ikakatwa. Siku hiyo alishona mkono wa shati ndani nje, akafumua, akarudia kosa lile lile.

Siku ya tatu kijana akaja kwa miguu, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Fundi baiskeli kaniuliza, huwa unaegesha wapi na saa ngapi? Nikajibu bila kufikiri. Kasema mwizi hakuhitaji msichana, ratiba yangu ilimtosha."

"Na kazi?"

"Nimesimamishwa."

"Na mimi?"

"Nilikukosea, mama. Nisamehe. Nataka kuja kwenu kujitambulisha, hata kama ni kwa miguu."

Binti alifuta machozi kwa kitambaa cha sare ya watu.

"Njoo. Lakini ukinishuku tena, utarudi kwa miguu hiyo hiyo."

Basi wanangu, nawaomba mwepuke haya:

Kufunga gurudumu peke yake. Funga pamoja na fremu.

Nguzo fupi, baiskeli inanyanyuliwa ikatoka.

Kuegesha pale pale, saa ile ile, kila siku.

Kusema "naingia mara moja tu."

Kununua baiskeli ya bei ya kutupa kwa mtu usiyemjua.

Kumwita mwenzio mwizi kabla hujauliza.